Waya wa Bi Mzia

Lekso, kabla hujapanda ngazi, vua pete.
Sikuulizi umeoa lini. Ivue,
itie mfukoni pamoja na huo mkufu wa msalaba.
Dhahabu haijui ibada, inajua njia tu.

Tuko Sololaki, Tbilisi, ghorofa ya tatu,
roshani za mbao zimeinamia ua mmoja
kama majirani wanaosengenya,
na Januari imeganda ndani ya mabomba.
Ukuta huu umepakwa rangi mara tano.
Chini ya rangi kuna lipu, chini ya lipu kuna nyaya
za alumini, kuukuu, ngozi yake inapukutika
kama mkate wa juzi.

Zima swichi kuu. Haya.
Sasa tia kufuli, na ufunguo ukae kwako,
si kwangu, wala si kwa mwenye nyumba,
maana mwenye nyumba ana friji, na friji ina nyama,
na mtu anayeiwazia nyama yake
hana nafasi ya kuviwazia vidole vyako.
Tundika kibao: MTU YUKO KAZINI.
Uandike na jina lako. Mkono wa mtu
husita kidogo mbele ya jina.

Halafu pima.
Kwanza pima palipo hai, kule kwenye taa ya ngazi,
ujue testa yako inasema kweli.
Pima hapa. Kisha rudi ukapime tena palipo hai.
Unacheka?
Testa iliyokufa huiona dunia nzima imekufa.

Mimi nilifunzwa na Nugzar.
Miaka ishirini na sita kazini, na kila apimapo
mkono wa kushoto hukaa mfukoni
ili mkondo, ukija, usipitie moyoni.
Siku ile tulikuwa kwenye jengo kama hili.
Swichi tulizima. Kufuli tulitia. Nyaya tatu tulizipima:
kimya, kimya, kimya.
Ulikuwepo wa nne.
Mwembamba, mweupe, ukichungulia
kwenye tundu la panya nyuma ya jiko.
“Huu ni wa kengele tu,” akasema,
akautoa mkono mfukoni.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, husemwa.
Mshindo haukuwapo.
Palikuwa na mtu aliyeshika kitu asichoweza kukiachia,
na mimi, msichana wa miaka kumi na tisa,
nikataka kumkumbatia. Hilo tu ndilo lililonijia, kumkumbatia.
Lakini yeye mwenyewe alinifunza:
aliyeshikwa haguswi, utaongeza maiti.
Nikanyakua mpini wa fagio, mkavu,
nikaupiga ule mkono kama ninaua nyoka.

Nugzar aliishi.
Vidole viwili havikuishi.

Jioni niliufuata ule waya:
tundu, ukuta, sakafu, ghorofa ya chini,
hadi jikoni kwa Bi Mzia, miaka themanini na moja,
mita yake, fyuzi yake.
Ile miaka ya giza, alisema,
upande wetu umeme ulikuwa ukija, juu hauji,
na juu palikuwa na mtoto mchanga.
Basi marehemu mume wangu akapitisha waya,
taa moja tu, mama aone anamnyonyesha nani.
Mtoto akakua, akahamia Kutaisi.
Waya haukuambiwa.

Akanisogezea jemu ya jozi mbichi,
mikono yake ikitetemeka, kijiko kikigonga kisahani.
Nikala. Sikujua nimkasirikie nani.
Hata leo sijui, Lekso.
Kwenye kuta hizi wamo wezi wa umeme,
wamo mafundi walevi,
na wamo watu wema wasioandika lebo,
na testa haiwatofautishi.

Basi. Mkono wa kushoto mfukoni.
Mulika hapo nyuma ya jiko.
Nyaya ngapi?
Hesabu tena.