Sumaku Ndani ya Soksi

Naivalisha sumaku yangu soksi ya mtoto
isije ikamkwaruza bibi harusi.
Maana leo ndivyo alivyo, Pijo 404,
kaegeshwa katika ghala la pamba lililokufa, Masese,
bampa zinang'aa hata njiwa wa darini
wanainamisha vichwa kujitazama.

Dalali Isabirye kashika kipaza sauti mapema:
"Halisi! Kutoka taa hadi taa, halisi!"
Chema chajiuza, walisema waliosema.
Basi mbona koo limemkauka kabla ya saa nne?

Naanza kwa kulala chini.
Gari husema kweli tumboni;
usoni limeshafundishwa cha kusema.
Chasisi imepakwa lami mpya, nene mno,
kama mtu aliyejimwagia manukato asubuhi:
nauliza anaficha nini.
Nakwangua kwa ukucha. Kutu.
Kikulacho.

Kisha sumaku.
Madigadi ya kulia, inashika.
Boneti, inashika, haitaki kubanduka.
Mlango wa nyuma, kushoto,
inateleza,
inaning'inia mkononi mwangu
kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.
Hapo hakuna chuma. Hapo pana pati, unene wa kidole,
iliyopigwa msasa na fundi wa Katwe
mwenye subira ya mshona kanzu.
Namheshimu, na ninampunguzia alama.
Kilichokuwa chini yake, nguzo, risasi au pembe ya ng'ombe,
pati haisemi.

Bwana Tenywa, mwenye gari, ananifuata nyayo kwa nyayo
na risiti zake katika bahasha ya kaki.
"Ngozi ya viti imetoka Nairobi."
Naiona.
"Rangi ni tabaka saba."
Nimehesabu sita.
"Injini ni ileile."
Kibati cha nambari ni cha zamani kweli,
lakini ribiti zake ni za juzi, bado zina haya,
na huu moyo unaodunda ni wa 504, mdogo wake.
"Ileile," narudia,
na kalamu yangu inakohoa.

Nilikuwa karibu kumaliza.
Nikapenyeza mkono chini ya dashibodi kutafuta nyaya,
vidole vikagusa mikwaruzo.
Nikajipinda, tochi mdomoni.
Herufi tano. Zimechongwa kwa msumari, au pini ya nywele,
zimejikunja kama ndoana,
ndugu wa zile zilizobaki juu ya maduka ya mjini
pale ambapo ngazi ya mpaka rangi haikufika.
Sijui kuzisoma.
Najua tu mahali zilipo:
anapofika mtoto wa miaka sita, saba,
aliyelala sakafuni, miguu juu ya kiti,
safari imekuwa ndefu na baba haongei.

Nikaomba kadi ya gari.
Mmiliki wa kwanza: 1967.
Wa pili: Novemba, 1972,
bila sahihi ya aliyeuza.

Fomu yangu ina visanduku vya vioo, nikeli, mazulia,
kimoja hata cha kiberiti cha sigara.
Cha hili hakuna.

Mnunuzi kutoka Mbale, miwani juu ya kipara,
kainama nyuma yangu, anapumua harufu ya karanga.
"Hizo alama," anasema, "zinafutika?"
"Kila kitu hufutika, bwana.
Ndiyo biashara yenyewe."
Akacheka. Tenywa naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo.

Milioni thelathini. Thelathini na mbili.
Mtu mmoja karibu na mlango anakuna sikio,
dalali anamhesabia thelathini na tatu.
Nyundo.
Njiwa wote wakaruka.

Natoa sumaku kwenye soksi, naikunja soksi, naiweka mfukoni.
Ripoti inadaiwa kabla ya hundi.
Ubora wa ukarabati: nane kwa kumi.
Uhalisi: tano.

Hakuna aliyeuliza ni tano zipi.