Kisanduku cha Hapana

Walinipa kishikwambi na fulana ya buluu,
na ahadi ya malipo kwa kila fomu iliyojaa.
Swali la thelathini na moja liliuliza:
Je, una akiba ya uzeeni?
Chini yake visanduku viwili, ndiyo na hapana,
na kati yao hapakuwa na mwanya
hata wa kupitisha sindano.

Nilianzia Kariobangi, kwa Syombua
anayeuza mitumba ya watoto.
Alicheka mpaka akashika mbavu.
"Akiba? Mimi? Andika hapana, mwanangu,
usimalize chaji bure."
Nikabonyeza hapana.
Ndipo alipoinama kunitolea kigoda,
nami nikaona chini ya kitanda mabati,
ishirini na manane, mapya, yamefungwa kwa kamba ya katani.
"Na haya?"
"Hayo ni mabati."
"Ya kuezeka wapi?"
"Joska. Nina kakiwanja huko.
Lakini wewe umeniuliza akiba."

Makokha fundi viatu hana akiba,
ana ng'ombe wawili kwa shemeji yake Lugari,
na mmoja ana mimba.
Kerubo hana akiba,
ila Jumapili ya kwanza ya mwezi
wanawake kumi na wanne hujibana sebuleni kwake,
na daftari lenye madoa ya chai
linajua zamu ya kila mmoja.
Hapana. Hapana.
Kidole changu kilizoea upande ule
kama mguu unavyozijua ngazi za nyumbani
hata stima ikipotea.

Ndiyo nilipata moja tu siku hiyo.
Gathirwa, karani wa kiwanda cha sabuni,
alinionyesha karatasi ya mshahara, makato yamepangwa safu,
miaka kumi na sita, bila kuruka mwezi.
Kiwanda kimefungwa, akaniambia,
na hizo pesa zilizokatwa
hazikufika zilikosemekana zinakwenda.
Nikamuuliza basi nijaze nini.
"Jaza ndiyo," akasema. "Si nimeweka?"

Ripoti niliisikia saluni, nikiwa chini ya kikaushio.
Wafanyakazi hawajali kesho yao, redio ikasema,
ikataja asilimia yenye nukta,
na baada ya nukta tarakimu mbili.
Ni ile nukta iliyonikera.
Nani alimpima Syombua mpaka tarakimu mbili?
Kabla msomaji hajameza mate
likaingia tangazo la pensheni,
la walewale walionishonea fulana.

Nilicheka kwa sauti. Msusi akanitazama.

Lakini mzee Nzioki nitamweka wapi?
Bawabu wa Kileleshwa, miaka sabini na mmoja,
bado anafungua geti kwa magari ya vijana.
Alisema hapana, nami, kwa mazoea,
nikazungusha macho nikitafuta mabati.
Kulikuwa na tochi. Kulikuwa na koti la mvua
lenye jina la kampuni nyingine.
Nikamuuliza habari za shamba, watoto, hata kuku.
Akaniuliza kama fomu inaleta chochote.
Hapana yake ilikuwa hapana tupu,
nayo ikaingia kisanduku kimoja na ya Syombua,
zikahesabiwa kama mapacha.

Kwa hiyo tarakimu zao siziamini,
na kicheko changu pia sikiamini sana.

Juzi nilipita Kariobangi bila fulana.
Syombua akanisogezea kigoda kilekile.
Sikukusudia kuhesabu, ila jicho lina desturi zake:
mabati kumi na tisa,
na kamba ya katani imelegea.
Bintiye alikuwa amelala juu ya kitanda,
mkono umefungwa plasta mpaka begani.

"Leo umekuja kuuliza nini?"
Nikamwambia leo sikubeba kitu.
"Basi kunywa chai," akasema,
akamimina, akajinyima maziwa,
akanijazia kikombe mpaka ukingoni.