Jina la Kuazima

Kaka yangu Sinani aliondoka Chwale na jina la maiti.
Lilikuwa la binamu yetu Nasoro,
aliyekufa kwa surua kabla hajang'oka meno ya utoto,
na cheti chake kikabaki kwenye sanduku la mamaake
pamoja na ubani na kanga ya eda.
Bi Time alikitoa, akakipuliza.
"Wangu hakukitumia," alimwambia mama. "Mpe wako."

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano.
Foleni ya duka iliuzunguka msikiti.
Sinani ana miaka kumi na tisa, na kazi yake ni kukwea.
Tawi la mkarafuu halipindi, hukatika bila kuaga;
yeye alilisikiliza kwa unyayo
kabla ya kulipa uzito wake.
Mama aliogopa miti tu.
Kila msimu alimsomea Yasini kwa ajili ya miti.

Barua ya kwanza Maskati. Ya pili Salala,
Kiswahili kwa hati za Kiarabu,
mistari ikipanda upande mmoja:

*Mama, huku kuna minazi. Kuna mipapai na migomba.
Mvua yao ya rasharasha, ukungu wake kama wa kwetu
asubuhi za kipupwe. Nimepewa bunduki na buti.
Buti zinanibana.
Tunaopigana nao wako juu mlimani.
Usiku nawasikia wakiita ng'ombe wao.
Kambini wananiita Nasoro.
Mara nyengine siitiki.*

Ya tatu ilipigwa chapa, Kiarabu kitupu, na muhuri.
Tuliipeleka chuoni kwa Ustadhi Shaame,
naye Kiarabu alichokijua ni cha msahafu.
Akaisoma kwa tajwidi, akavuta kila madda,
sauti yake nzuri ikatoka hadi barazani,
na alipotua, mama akaitikia, "Amina."

Ustadhi akairudia kimoyomoyo.
Akavua miwani.
"Bi Riziki," akasema, "hii si dua."

Mimi nilikuwa na miaka tisa. Niliihesabu mistari: kumi na mmoja.
Jina la Sinani halikuwamo hata mstari mmoja.

Bi Time alikuja matangani akaketi jamvi la wafiwa,
akapewa pole, akazipokea.
Nani angemwambia si wake?
"Huyu nimemzika mara mbili," alisema.
Na mama, siku ya tatu, bila kumtazama mtu:
"Wangu je? Wangu kazikwa na nani?"

Hitima ikasomwa kwa majina yote mawili,
tukamwachia Mungu achague.

Pesa zake zilifika baadaye. Tulinunua mabati.
Tangu hapo mvua ikinyesha
nyumbani kwetu hatusikilizani.

Sasa mjukuu wangu yuko Salala, anauza duka la watu.
Juzi kanitumia picha kwenye simu:
bonde la kijani, minazi, ukungu umelalia migomba.
Nikamwambia, umekosea, mwanangu, hii ni Chwale.
Akacheka sana.

Alipokata simu niliikuza ile picha kwa vidole viwili,
nikaikuza mpaka ikawa madoa matupu,
nikitazama juu,
kwenye matawi.