Njia ya Kwenda Mtoni

Basi limenishusha saa tano; la kunichukua ni saa kumi na moja.
Nina saa sita za kuua, begi linalovuta bega,
na mji wa Ohio ambao tiketi yangu imeutaja
kwa herufi ndogo, kama ugonjwa wa utotoni.

Katikati ya mji ni mitaa tisa kwa saba. Nimeihesabu.
Benki, benki, mahakama yenye nguzo,
kanisa la matofali lenye tangazo la supu ya Alhamisi,
kisha maegesho. Kisha maegesho.
Mistari myeupe imenyooka, kama daftari
la mwanafunzi aliyehama shule.

Watu wapo. Wanapita juu,
ndani ya madaraja ya kioo toka ghorofa hadi ghorofa,
vikombe mkononi, kadi shingoni,
tone baada ya tone, kama maji ya dripu,
wala unyayo haugusi lami.
Huku chini tuko mimi, njiwa,
na taa ya barabarani
inayouruhusu upepo, kwa heshima zote, uvuke.

Nikamwuliza njia ya mtoni askari wa maegesho,
mama wa makamo, STUBBS limeshonwa kifuani,
anaandika faini kwa mwandiko wa barua ya posa.
Hakuinua uso:
"Nenda mpaka kwa Hartzell, kata kushoto,
pita sinema ya Orion,
ukifika kwa yule Mgiriki wa viatu, mto huo."

Nikaenda. Hapana Hartzell.
Hapana Orion. Mgiriki simwoni.
Nikarudi nimenuna kama niliyepunjwa chenji.

Akacheka hadi kalamu ikamponyoka.
"Hartzell si hapo unapokanyaga!
Ghorofa sita. Mama yangu ndiye aliyeendesha lifti,
glavu nyeupe, akitangaza kila sakafu:
Vyombo! Vitanda! Kofia za akina mama!
Kofia alizitangaza miaka kumi na minane.
Kujaribu moja kichwani, mtu wa rangi yetu, marufuku."
Akaokota kalamu.
"Walilibomoa mwaka niliomzaa Corliss.
Nilikuja kutazama, na tumbo langu hili.
Lifti ndiyo ilikuwa ya mwisho kuanguka."

Kwetu husemwa: asiyekuwepo na lake halipo.
Mji huu haujapata habari.
Hapa asiyekuwepo ndiye kona,
ndiye alama, ndiye wa kukatia kushoto.

Basi nikapita tena, polepole, nikibisha hodi kimoyomoyo.
Toyota ya kijivu imelala idara ya vitanda.
Pikipiki iko kwenye vyombo; nikaiombea isivunje kitu.
Kofia zilikuwa juu kabisa, mahali penye wingu sasa,
na wingu lile, nisiseme uongo, halikufanana na kofia hata kidogo.

Mto upo. Mpana, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa.
Nilikaa kwenye benchi, nikala mkate wenye jibini,
nikauona ukipita bila kumwuliza mtu njia.

Saa kumi na nusu, kituoni, kijana kashuka
na sanduku lenye gurudumu moja bovu.
Akatazama kulia, akatazama benki,
akanichagua mimi: samahani, mto uko wapi?

Nilikuwa na ramani mfukoni.
"Nenda mpaka kwa Hartzell," nikasema, "kata kushoto."
Akashukuru. Gurudumu likalia kote mtaani.
Sikumwita.