Haraka ya Nini

Tuliiunda uani, mtaa wa Otiende,
kati ya kamba ya nguo na tangi la maji,
miaka mitatu na masika moja ya ziada.
Mbao za Gikomba. Lami ya kuzibia nyufa
alitupimia kijana wa barabara kwa kopo la Kimbo.
Kila Jumamosi jirani alichungulia juu ya ukuta:
"Mzee Abwao, gharika inakuja lini?"
Abwao hakumjibu. Alikuwa na misumari mdomoni.

Siku ya kutoka, lango likakataa.
Tukabomoa ukuta, na wa jirani pia, kidogo,
vijana sita wakaikokota kwa mkokoteni
hadi Bwawa la Nairobi,
na askari wa kaunti akatutoza ada ya kuegesha
kwa sababu kwenye kitabu chake cha risiti
hapakuwa na neno mashua.

Nyumba tukapangisha. Kiinua mgongo cha reli
kikaishia kwenye rangi na injini ya pampu.
Jina nililiandika mimi, kwa mkono uliozoea
kuandika majina ya watoto wachanga Pumwani:
HARAKA YA NINI. N ya pili imeangalia kinyume.

Msidhani ni maji mnayoyajua.
Haya yamejifunika shuka la magugu,
na yangeyange hutembea juu yake
kama wenye hatimiliki.
Abwao husimama omo na panga, akakata njia;
mimi nyuma na upondo, nasukuma.
Jumatatu tulitoka upande wa Langata,
Jumatano jioni tukatia nanga katikati:
mita mia mbili, malengelenge saba,
na njia ikajifunga nyuma yetu
kama mdomo uliokumbuka siri.
Maji pande zote, na ya kunywa twanunua,
mtungi shilingi ishirini, auleta mtoto
akipiga makasia juu ya mlango wa friji.

Usiku treni ya mizigo hupita,
naye, macho kafumba, hutaja injini kwa namba,
hutaja breki ipi inalia na nani aliifunga.
Mimi huhesabu taa za Kibera hadi zinipotee.

Mwezi wa saba tuligombana.
Sitasema kwa nini. Haya, nitasema: chumvi.
Aliiacha wazi, ikalowa,
nami nikatoa maneno ya miaka arobaini.
Nyumbani ningebamiza mlango.
Mashua ina hatua tisa.
Nikashika tezi, akashika omo,
tukapeana migongo, baridi ikatugawia sawasawa.

Shuleni, Machakos, mwalimu alitukaririsha:
nenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.
Niliandika nikapewa alama, sikujua ngama ni nini.
Saa nane usiku nikaijua kwa nyayo:
lami ya kopo la Kimbo ilikuwa imechoka.
Tukakutana huko chini, magoti majini,
yeye na sufuria, mimi na kikombe cha chai,
tukikumba, tukimwaga, hatusemi,
mpaka akayaonja kwa ncha ya kidole:
"Nthenya, sasa chumvi imekolea."
Nilicheka hadi mashua ikayumba.

Leo asubuhi binti yetu kapiga simu kutoka Kitengela:
"Mama, mko wapi?"
Nikatoka, leso kichwani, kuangalia.
Upepo wa usiku ulikuwa umesukuma shamba lote la magugu
na sisi ndani yake, bila panga, bila upondo.
Tulilala tukiona maghorofa ya Langata;
sasa, hatua kumi kutoka kwetu,
mama mmoja wa Kibera alikuwa akigeuza mandazi,
akatutazama
kama wateja waliochelewa.
"Subiri," nikamwambia binti, "niulize bei."