Yatokanayo

Aliyenikabidhi daftari alinikabidhi na maneno matatu:
"Andika kilichoamuliwa, basi."
Kisha akahamia kwa mwanawe, Winnipeg.

Nami nikaandika.
Chumba cha chini ya kanisa, Saskatchewan, Januari,
baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri,
magari nje yamechomekwa umeme
kama wagonjwa kwenye dripu,
birika linakoroma,
na sisi wa Chama cha Kusafirisha Wagonjwa
tunahesabiana vichwa.
Akidi ni watano. Tulikuwa sita.
Saa moja na dakika nane jioni, kikao kikafunguliwa.

Abram Dyck, mweka hazina, alisoma hesabu
kwa sauti ya mtu anayegawa mbegu za mwisho.
Alipofika kwenye petroli akapiga meza.
Meza sikuiandika.
Niliandika: Taarifa ya fedha ilipokelewa.
Delphine, mwenyekiti, akamjibu kwa Kikrii,
neno moja tu, wawili wakaangua kicheko.
Niliandika: Hoja ya kuongeza posho ya petroli
senti nne kwa kilomita.
Mtoa hoja, D. Okanee. Mwunga mkono, I. Sveinson.
Wanne ndiyo, mmoja hapana, mmoja hakupiga kura.
Ngano imepepetwa, makapi yamebaki mlangoni.

Kisha mahudhurio.
Kiti cha saba ni cha Gaston Pelletier,
dereva wetu wa Jumanne na Ijumaa,
anayewapeleka watu Saskatoon kusafishwa damu
na kuwangoja saa nne nzima garini, akifuma soksi.
Hakupiga simu. Hakutuma mtu.
Safu ni mbili tu: kwa udhuru, bila udhuru.
Kalamu haikusita.
Bila udhuru, herufi zimenyooka,
na nilijisikia fahari kidogo
kwa kuwa mkali.

Jirani alimkuta asubuhi, jikoni,
buti moja mguuni,
ufunguo wa gari mkononi.

Februari. Ajenda namba tatu:
kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita.
Nikasoma. Nikafika pale.
Nikasoma na pale,
maana katibu haruki mstari.
Hata birika lilinyamaza.

Abram, yule yule wa petroli, akainua mkono.
"Mwenyekiti, kuna kosa ukurasa wa kwanza."
Hakunitazama.
"Futa bila. Weka kwa."

Katiba ya chama inaruhusu kikao
kusahihisha kumbukumbu zake.
Kuhusu mengine haisemi kitu.
Nililikata neno kwa mstari mmoja mwembamba,
lililofutwa liendelee kusomeka,
nikaandika jingine juu yake,
nikatia sahihi ndogo pembeni; kalamu ilikwaruza
kana kwamba karatasi imeganda.

Mtoa hoja ya marekebisho, A. Dyck.
Mwunga mkono...
mikono ilipanda yote kwa pamoja
na mimi, miaka sita katika kiti hiki,
sikujua niandike jina la nani.
Niliyaandika yote.

Yatokanayo: Jumanne na Ijumaa zabaki kwa nani?
Ingrid atachukua Ijumaa.
Palikuwa na kimya, kirefu kuliko ripoti ya fedha,
nacho, kwa mujibu wa utaratibu, hakimo.
Jumanne: katibu.
Utekelezaji: kuanzia kesho.

Kikao kilifungwa saa tatu kasoro robo.
Nilipofika nyumbani nilichomeka gari,
nikarudi tena kuhakikisha
kama kweli nimelichomeka.