Chafya Kumi na Moja

Novemba, Arusha imevaa zambarau.
Toka Sekei hadi Themi mijakaranda
imemwaga maua mpaka mitaroni,
wageni wanasimamisha magari, wanapiga picha.
Mimi nafunga madirisha.

Pua yangu haina uzalendo.
Inawasha, inavuja, inaziba upande mmoja,
kisha kwa haki inahamia wa pili.
Juzi muuza maandazi, kwa wekundu wa macho,
alinipa pole ya msiba. Nikaipokea.
Kueleza kungeniletea chafya nyingine.

Mama Ndetaulwa, jirani, hakungoja kuombwa.
Alikuja na sufuria, majani ya mkaratusi,
na mchaichai alioukata kwenye uzio wangu mwenyewe.
"Inama. Usisogee sana, mvuke hauna urafiki."
Akanifunika kanga mbili. Maneno yake
yalibaki juu ya kisogo changu, sikuyasoma.
Nikakaa gizani kama yai,
jasho likinidondoka kidevuni,
pua ikifunguka kama duka siku ya Jumapili:
nusu mlango.

Mzee Nanyaro wa soko la Kilombero
aliniuzia asali ya nyuki wadogo,
akaapa wamelila ua lilelile linalonitesa,
kwa hiyo tutakuwa tumepatana.
Kijiko kila alfajiri, mwezi mzima.
Koo lilishukuru. Pua haikupata taarifa.

Maji ya chumvi, yaliyochemshwa yakapoa,
yanaingia tundu hili, yanatokea lile,
nami nimeinamia beseni najiona mjinga:
hayo, ndiyo.
Kuosha nywele kabla ya kulala, ndiyo.
Kuanika nguo ndani, zikanuka jiko,
ndiyo, kwa shingo upande.
Na dada wa zahanati: "Mwalimu,
siku kifua kikianza kupiga filimbi,
acha majani, njoo."
Neno hilo naliweka mfukoni, pamoja na leso.

Ni yeye pia aliyesema huenda si jakaranda.
Chavua yake nzito, husubiri kubebwa na nyuki.
Shuku nyasi, akasema,
zile ambazo hakuna anayezipiga picha.
Nikaona aibu.
Miaka sita nautukana mti wa watu.

Basi Jumatatu, mtihani wa fizikia.
Shule si yangu, nimeletwa kusimamia.
Watahiniwa themanini na wawili, kila mtu na meza yake,
na sheria nimewasomea mwenyewe,
kwa sauti ya kutisha: hakuna kuongea.

Upepo ukapita kwenye kioo kilichovunjika.
Ya kwanza niliing'ata.
Ya pili ikaondoka na miwani.
Ya tatu, ya nne, nikaacha kujitetea.

Kwetu anayepiga chafya haachwi peke yake.
Neno lenyewe ni moja, halimalizi hata pumzi.
Niliona midomo ikifunguka, ikikumbuka, ikifumba.
Safu ya nyuma mabega yakitikisika,
kalamu moja ikaanguka, hakuna aliyeiokota.
Kumi na moja nilipiga ndani ya saa tatu,
na kumi na moja zikaning'inia ukumbini
bila kujibiwa.

Muda ukaisha. Nikakusanya karatasi.
Wa mwisho kutoka alikuwa binti, Naishiye
kwa mujibu wa orodha, sare imepauka mabegani.
Hakuuliza alama, hakulalamikia swali la nane.
Alisimama mbele yangu, akakunja ngumi,
akaanza kufungua kidole kimoja kimoja:

"Afya.
Afya. Afya.
Afya, mwalimu. Afya..."

Kwenye kumi vidole vyake vikaisha.
Akatazama mikono yake, akatazama yangu,
akaazima kimoja.